Gari la Zamani Stooni: Jinsi ya Kulikinga na Unyevu, Kutu na Panya

Katika maboma mengi ya Ruring'u, Kamakwa na Gatitu kuna gari ambalo halijatoka nje kwa miaka. Mara nyingi ni Peugeot 404 au 504, Volkswagen Beetle, Datsun au Land Rover ya zamani. Wakati mwingine mwenyewe alishafariki na watoto wamekubaliana kwamba gari la mzee lisiuzwe. Wakati mwingine mwenyewe yupo, na anangoja karo ya shule iishe ndipo alitengeneze. Kwa sasa limefunikwa turubai ndani ya stoo ya mabati, katikati ya magunia ya mahindi, kuni na marobota ya nyasi.

Nia ya kulifunika ni njema. Hata hivyo, miaka mitano baadaye familia hulifunua na kukuta sakafu imetoboka, viti vimegeuzwa viota na waya zimetafunwa. Wengi husema uzee ndio ulioliharibu. Ukweli ni kwamba magari mengi ya aina hii huharibiwa na mambo mawili yanayoweza kuzuiwa: maji yaliyokwama na chakula kilichowekwa karibu. Makala haya yanaeleza jinsi mkazi anavyoweza kuyazuia yote mawili bila kujenga gereji ya gharama.

Kwa nini gari hili lina thamani

Magari haya ni sehemu ya historia ya nchi. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka wa 1963, kisha ikashinda mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Peugeot 504 ilishinda mwaka wa 1975 na tena mwaka wa 1978. Kwa miaka mingi 504 iliunganishwa papa hapa nchini, na wakazi wengi wa Mlima Kenya wanaikumbuka kama matatu, gari la kubebea maziwa au gari la kwanza kuingia kijijini.

Kuna sababu nyingine ya kulitunza. Kanuni za Kenya kwa kawaida haziruhusu kuingiza nchini gari lililotumika ambalo limepita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo gari la mwaka wa 1972 likioza stooni, si rahisi kuagiza jingine. Yaliyobaki ni yale yaliyomo nchini tayari, na vipuri vyake hupungua kila mwaka.

Maji yanatoka wapi ndani ya stoo isiyovuja?

Mji wa Nyeri uko kati ya Milima ya Aberdare na Mlima Kenya, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mvua ndefu hunyesha kati ya Machi na Mei, na mvua fupi kati ya Oktoba na Desemba. Kuanzia Juni hadi Agosti huwa na baridi, mawingu na ukungu. Chuma huanza kushika kutu kwa kasi pale unyevu wa hewa unapopita takriban asilimia 60, na huku kwetu unyevu hupita kiwango hicho usiku mwingi wa mwaka.

Wakazi wengi hujiuliza maji yanatoka wapi ilhali paa halivuji. Jibu ni kwamba yanatoka kwenye hewa yenyewe. Hewa yenye joto hubeba maji mengi kuliko hewa baridi. Chukua stoo ya mita 3 kwa mita 8, yenye kimo cha mita 2.5. Ndani yake mna mita 60 za ujazo za hewa. Ikiwa joto la jioni ni nyuzi 20 na unyevu ni asilimia 75, kila mita ya ujazo ina takriban gramu 13 za maji. Joto likishuka hadi nyuzi 10 alfajiri, mita hiyo haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 na nusu. Yanayozidi lazima yatue mahali. Kwa stoo nzima ni zaidi ya gramu 200, yaani karibu glasi moja ya maji kwa usiku mmoja.

Maji hayo hutua kwanza kwenye mabati ya paa, ambayo hupoa haraka kuliko kitu kingine chochote. Ndiyo sababu paa zima "hutoa jasho" asubuhi na kudondosha matone. Kisha jua linapochomoza, hewa hupata joto upesi lakini injini na chuma kinene cha gari hubaki baridi kwa saa kadhaa. Hapo unyevu hutua kwenye gari lenyewe. Mzunguko huu hurudiwa usiku baada ya usiku, hata pale ambapo mvua haijanyesha.

Anza na sakafu, paa na hewa

Sakafu ya udongo hupitisha unyevu kutoka ardhini moja kwa moja hadi kwenye tumbo la gari. Suluhisho bora ni kumwaga zege. Asiye na uwezo huo anaweza kutandaza nailoni ngumu, ile ambayo wajenzi huweka chini ya zege, na juu yake apange mbao au mbao za kreti. Gari lisiachwe juu ya nyasi au udongo mtupu hata kwa msimu mmoja.

Nje ya stoo, hakikisha mfereji wa kukinga maji ya paa haujaziba na kwamba maji ya mvua yanateremka kuelekea mbali na ukuta. Kwa paa la mabati, dari ya mbao nyembamba au hata ya magunia safi yaliyoshonwa pamoja hupunguza matone yanayodondoka juu ya gari.

Hewa inahitaji njia mbili: tundu la chini upande mmoja na tundu la juu upande wa pili. Matundu hayo yafunikwe kwa wavu wa waya wenye macho yasiyozidi milimita 6. Kipimo hiki ni muhimu. Panya mdogo wa nyumbani hupenya kwenye tundu la milimita 6 au 7, na panya mkubwa hupenya kwenye tundu la milimita 12.

Siku za jua, fungua milango ya stoo kuanzia saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri, kisha uifunge kabla ya ukungu wa jioni kuingia. Kufungua milango saa kumi na mbili asubuhi ukungu ukiwa bado umetanda ni kuukaribisha unyevu ndani.

Turubai la plastiki lisiguse gari. Hunasa unyevu unaopanda kutoka chini na kuukalisha juu ya rangi usiku kucha. Ndani ya stoo, tumia shuka kuukuu la pamba au kitambaa kingine kinachopitisha hewa. Ikiwa gari liko nje na hakuna stoo, turubai liinuliwe juu ya nguzo kama paa, pande zikiachwa wazi.

Baadhi ya watu huweka chumvi ndani ya gari ili ivute unyevu. Chumvi huvuta maji kweli, lakini maji ya chumvi hula chuma haraka kuliko maji matupu, kwa hiyo isitumiwe. Chokaa isiyozimwa huunguza ngozi na macho. Makaa hayana nguvu ya kutosha. Vipakiti vya silika, kama vile vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu, hufaa tu katika nafasi ndogo iliyofungwa vizuri. Kwenye stoo inayoingiza hewa hujaa baada ya siku chache na havina kazi tena.

Panya hufuata chakula

Panya hawaji stooni kwa ajili ya gari. Huja kwa ajili ya mahindi, chakula cha ng'ombe na mbegu zilizomo katika nyasi kavu. Wakishashiba hutafuta mahali pakavu, penye giza na pasipofikiwa na paka. Gari lililofunikwa huwapa yote hayo. Baadhi ya viti vya zamani vilijazwa manyoya ya farasi, pamba au nyuzi za makumbi ya nazi, ambavyo ni vitu vizuri vya kutengenezea kiota. Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua, kwa hiyo hutafuna kila mara ili kuyapunguza. Waya za umeme ziko kwenye kimo kinachowafaa.

Hatua ya kwanza na iliyo bora kuliko dawa yoyote ni kutenganisha gari na chakula. Hamisha magunia ya mahindi na ya chakula cha mifugo kwenye chumba kingine, au uyahifadhi ndani ya pipa la chuma lenye kifuniko. Nyasi na kuni ziondolewe pia, kwa sababu huficha panya na huongeza unyevu. Acha nafasi ya angalau nusu mita kati ya gari na kuta ili uweze kuzunguka na kukagua.

Kisha ziba njia za kuingilia. Weka sufuria za waya, yaani zile nyuzi za chuma za kusugulia vyombo, kwenye mdomo wa bomba la moshi na kwenye njia ya kuingizia hewa ya injini. Funga kitambaa chekundu kwenye usukani na uandike ni wapi umeziba, ili mtu asiwashe injini kabla ya kuviondoa. Funga madirisha na matundu ya hewa ya ndani ya gari. Chukua kila karatasi, blanketi na mabaki ya chakula yaliyomo. Kitabu cha usajili wa gari kisiachwe ndani hata siku moja. Kitunzwe ndani ya nyumba, kwa sababu panya na unyevu huharibu karatasi kabla ya chuma.

Tumia mitego badala ya sumu. Panya aliyekula sumu hufia ndani ya kiti au nyuma ya dashibodi, na harufu yake hudumu wiki nyingi. Paka, mbwa au bundi akimla panya huyo anaweza kufa pia, na bundi ni msaidizi wa mkulima. Ikibidi kutumia sumu, nunua ile iliyosajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu, yenye lebo kamili. Dawa inayouzwa ndani ya karatasi isiyo na jina isinunuliwe, na dawa za kunyunyizia mimea zisigeuzwe sumu ya panya.

Kuku, nyuki na mchwa

Kuku wanaolala juu ya boneti huacha kinyesi ambacho hula rangi, hasa kikiloweshwa na umande. Wafungiwe kwenye banda lao.

Nyuki hupenda nafasi zilizofungwa kama buti au nyuma ya kiti. Ukikuta kundi, usilichome moto wala kulipulizia dawa. Moto umewahi kuteketeza stoo nzima kwa sababu ya mabaki ya petroli, na nyuki waliokasirika huumiza watu na mifugo. Mwite mfugaji nyuki, au umuulize afisa wa ugani wa eneo lako akuelekeze.

Mchwa hawali chuma, lakini hula mbao, maboksi na mazulia, na huleta udongo wenye unyevu ndani ya kingo za gari. Usiweke gari juu ya vipande vya mbao vinavyogusa udongo. Tabia ya kumwaga oili chafu ya injini kwenye sakafu ili kuzuia mchwa iachwe. Oili hiyo hupenya ardhini, na mvua huisomba hadi mitaroni na kwenye mito yetu, Chania ikiwa mmoja wao. Pia hulainisha na kuharibu mipira ya chini ya gari. Oili chafu ipelekwe kwenye gereji inayokusanya.

Kulitayarisha gari lenyewe

Kabla ya kulifungia, osha gari lote pamoja na tumbo lake. Matope yaliyokauka juu ya magurudumu hunyonya unyevu kama sponji. Zibua vitundu vidogo vilivyo chini ya milango na kingo, kwa sababu vimetobolewa kiwandani ili maji yatoke. Likaushwe juani siku nzima, milango ikiwa wazi na mazulia yakiwa nje. Mazulia yasirudishwe.

Kila aina ina mahali pake pa udhaifu. Peugeot 404 na 504 za saluni hazina chasi ya pekee. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito, kwa hiyo kingo zilizooza ni suala la usalama, si la sura tu. Kwenye Volkswagen Beetle, betri iko chini ya kiti cha nyuma, na asidi inayovuja hutoboa sakafu pale pale. Bodi ya Land Rover za zamani ni ya alumini na haishiki kutu, jambo linalowafanya wengi wasahau kwamba chasi yake ni ya chuma na huoza kutoka ndani.

Badilisha oili ya injini kabla ya kuhifadhi, kwa sababu oili iliyotumika ina maji na asidi zinazokula vyuma vya ndani. Kwenye rejeta, usiache maji ya bomba peke yake. Tumia maji yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu. Oili ya breki huvuta unyevu kutoka hewani na inafaa kubadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi.

Petroli huanza kuharibika baada ya miezi michache. Kama gari litakaa kwa msimu mmoja, jaza tangi ili hewa yenye unyevu isipate nafasi. Kama litakaa kwa miaka, fundi atoe mafuta kwenye tangi na kabureta, nje ya stoo na mbali na moto. Ng'oa betri, uiweke mahali pakavu na uichaji kila mwezi. Usivute breki ya mkono, kwa maana huganda. Zuia magurudumu kwa vigingi. Kwa muda mrefu, inua gari kwa stendi za chuma za kazi hiyo. Mawe na matofali hupasuka ghafla na yamekwisha kuwaumiza watu waliokuwa chini ya gari.

Kuwasha injini kwa dakika tano kila wiki hakusaidii. Injini isiyopata joto la kutosha hutengeneza maji ndani ya oili na bomba la moshi. Ni heri kuliendesha kwa dakika 20 au zaidi mara moja kwa mwezi, likiwa na bima na likiwa salama barabarani, au kuliacha kabisa likiwa limetayarishwa vizuri. Injini isiwashwe kamwe ndani ya stoo iliyofungwa. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua kwa dakika chache.

Kusafisha gari lililoingiwa na panya

Hapa wakazi wanaombwa kuwa waangalifu. Mkojo na kinyesi cha panya hueneza magonjwa, ukiwemo ugonjwa wa leptospirosisi, ambao huanza kwa homa, maumivu ya kichwa na ya misuli, na unaweza kudhuru ini na figo. Usifagie kinyesi kikavu, kwa sababu vumbi lake huingia kwenye mapafu.

Fungua milango yote na uache hewa ipite kwa angalau nusu saa. Vaa glavu za mpira na barakoa. Changanya kikombe kimoja cha dawa ya klorini ya kufulia na vikombe 9 vya maji, nyunyizia mahali palipochafuka na usubiri dakika 5. Kisha futa kwa karatasi au kitambaa cha kutupa, ukifunge ndani ya mifuko miwili. Klorini hula chuma, kwa hiyo pangusa tena kwa maji safi na ukaushe. Anayepata homa baada ya kazi hii aende hospitali mapema na amweleze daktari kwamba alisafisha mahali penye panya.

Kabla ya kuliwasha tena

Usifunge betri kabla ya kukagua. Ondoa ulichoziba kwenye bomba la moshi na njia ya hewa. Fungua boneti, kagua kila waya, na uangalie mabomba ya petroli ya mpira kama yamepasuka au kutafunwa. Waya iliyochunwa ikikutana na petroli inayovuja, gari lililotunzwa kwa miaka 20 huungua kwa dakika 10. Weka kizima moto karibu, na breki zikaguliwe na fundi kabla gari halijatoka langoni.

Kalenda ya mwaka

Januari na Februari: toa gari nje juani, kausha, kagua kutu, rekebisha paa na mfereji kabla ya mvua ndefu.

Machi hadi Mei: kagua sakafu kila wiki. Ukiona maji chini ya gari, tafuta chanzo siku hiyo hiyo.

Juni hadi Agosti: huu ndio wakati wa jasho la mabati. Fungua stoo kila siku yenye jua, hata kama ni kwa saa mbili, na uguse chuma cha chini ya gari kwa mkono kuona kama kina unyevu.

Septemba: rudia kazi ya Januari kabla ya mvua fupi, na uzibe matundu mapya ya panya.

Oktoba hadi Desemba: mahindi mapya yanapoingizwa bomani, hakikisha hayarudishwi kwenye stoo ya gari. Tega mitego na uikague kila siku.

Kazi ya kila mwezi haipiti saa moja. Mkazi ambaye panya wamemzidi nguvu, au ambaye ana gari bovu uani linalokusanya maji na kuzalisha mbu, anaweza kufika katika ofisi ya afya ya umma iliyo karibu naye, au ofisi ya wadi, aelekezwe.